Mgonjwa wa Muda Mrefu Naye Ana Kazi
Hotuba iliyosomwa kwa wagonjwa na jamaa zao siku ya kliniki ya magonjwa ya kudumu



Nyumba nyingi katika kaunti hii zina mtu anayeishi na ugonjwa usiokwisha: baridi yabisi, kisukari, selimundu, shinikizo la damu au maradhi ya figo. Dawa anameza, kliniki anahudhuria. Baada ya hapo mara nyingi hukalishwa kando, na wageni wakifika huambiwa, "Huyu ni mgonjwa tu." Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanamke aliyeishi na hali kama hiyo maisha yake yote, akaifanya nyumba yake kuwa kazi yake.

Jina lake ni Maud Lewis, wa jimbo la Nova Scotia nchini Kanada. Tangu utotoni aliugua baridi yabisi. Mabega yalijikunja, kidevu kikashuka karibu na kifua, vidole vikapinda. Mwaka 1938 aliolewa na Everett Lewis, mchuuzi wa samaki, wakaishi mahali paitwapo Marshalltown katika nyumba ya chumba kimoja na dari ya kulalia. Nyumba yenyewe ilikuwa kama mita 4 kwa mita 4, bila umeme wala maji ya mfereji. Kazi za kuinama na kubeba zilimshinda, kwa hiyo mumewe ndiye aliyeshika sehemu kubwa ya shughuli za nyumba.

Alichobaki nacho Maud ni kiti, dirisha na brashi. Akiwa mtoto alikuwa amefundishwa na mamake kuchora kadi za Krismasi. Sasa akazichora tena, na mumewe akazitembeza pamoja na samaki. Kisha akaanza kuchora kwenye vibao: paka, ng'ombe wa kukokota, mashua, theluji, maua. Baadaye aligeukia nyumba yenyewe. Alichora mlangoni, kutani, kwenye ngazi, kwenye vioo vya dirisha, kwenye kopo la mkate na hata kwenye jiko.

Tazameni jinsi alivyofanya, maana hapo ndipo pana somo. Picha zake nyingi zilikuwa ndogo, kwa kuwa mkono wake haukuweza kufika mbali. Kwanza alipaka kibao chote rangi nyeupe, akachora mistari ya umbo, halafu akajaza rangi moja moja bila kuzichanganya. Maumbo yaleyale aliyarudia mara nyingi. Kwa njia hiyo hakulazimika kuanza upya kila siku, na siku ya maumivu makali kazi ingeweza kungoja.

Mgonjwa wa hapa naye anaweza kupanga kazi yake hivyo. Si lazima iwe rangi na brashi. Kuna kudarizi vitambaa, kupamba vibuyu, kusuka viondo, kubandika vipande vya leso kuukuu juu ya boksi. Achague kifaa ambacho mkono wake unakiweza. Mpini mwembamba ukimsumbua, uzungushiwe kitambaa mpaka unene. Afanye kazi kwa muda mfupi, apumzike, kisha arudi. Anayetumia rangi za mafuta akae karibu na dirisha lililo wazi, na makopo yawekwe mbali na watoto. Mwenye kisukari awe mwangalifu na sindano na visu, maana vidole vilivyokufa ganzi huumia bila kuhisi.

Neno moja lieleweke vizuri: uchoraji hautibu baridi yabisi wala selimundu. Maud alichora miaka mingi na ugonjwa ukaendelea hadi alipofariki mwaka 1970. Mtu asiache dawa kwa sababu leo mikono imekubali.

Sasa kuhusu pesa. Maud aliweka bango nje ya nyumba, na wapita njia wakasimama kununua. Kwa miaka mingi picha moja aliiuza kwa dola 2 au 3, na hata mwishoni haikuzidi sana dola 10. Mwaka 1984 serikali ya jimbo iliinunua nyumba ile, na leo imehifadhiwa ndani ya Jumba la Sanaa la Nova Scotia mjini Halifax. Mwaka 2022 picha yake moja ya lori jeusi iliuzwa mnadani kwa dola 350,000 za Kanada. Aliyeichora alikuwa amekufa zaidi ya miaka 50 kabla ya siku hiyo, akiwa maskini.

Jambo hilo linaweza kutokea hapa pia. Mtu aliye kitandani hawezi kwenda sokoni kujua bei, kwa hiyo hupokea chochote anacholetewa. Jamaa wanaomuuzia kazi wamwambie bei kamili na wamkabidhi pesa yake mkononi. Kila kazi itiwe sahihi na tarehe, ipigwe picha kwa simu, na jina la mnunuzi liandikwe kwenye daftari.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya sanaa kwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayenunua picha hununua kile kibao tu. Kuichapisha picha hiyo kwenye fulana au kalenda ni haki nyingine, inayohitaji ruhusa ya msanii. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, sheria pia inampa msanii asilimia 5 pale kazi yake inapouzwa tena kibiashara kwa bei inayofikia kiwango kilichowekwa. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosajili kazi hizo. Ambaye ugonjwa umemlemaza viungo aulizie pia usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mhudumu wa afya ya jamii anapopita nyumbani, aulize kuhusu dawa, kisha aulize pia, "Mikono inafanya nini siku hizi?" Na jamaa mwenye mgonjwa aanze leo jioni kwa kusogeza kiti chake karibu na mwanga.