Ukimya wa Mwenye Duka: Silaha, Kaunta na Haki ya Kusema Hapana



Mhadhara huu umezaliwa na hasira. Katika kikao kimoja cha kitaaluma, mwanasheria ninayemheshimu alisikia kwamba ninachunguza habari za wateja wanaoingia madukani na silaha zikionekana. Akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba hilo ni swali la Wamarekani, si letu. La pili, kwamba hata lingekuwa letu, jibu lake ni jepesi: mwenye leseni ana leseni, mfanyabiashara asiyetaka bunduki ndani abandike tangazo mlangoni, na asipobandika ameridhia. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mimi sikukubali, hasa hilo la pili, kwa kuwa ndilo linalosikika kama sheria.

La kwanza nalimaliza haraka. Mji huu wa Inyonga umezungukwa na misitu, maeneo ya mizinga na vitalu vya uwindaji, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi haiko mbali. Bunduki hapa si ngeni: habari za misafara ya pembe, za mtemi Mirambo na wapiganaji wake wa rugaruga, na za msafiri Stanley aliyekatiza Ukonongo mwaka 1871 akielekea Ujiji, wenzangu wa historia wamekwisha kuzieleza. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na kwa tangazo hilo ilikiri kwamba bunduki zisizo na karatasi zimo mikononi mwa watu. Lakini leo sizungumzii haramu. Nazungumzia halali: askari wanyamapori anayetoka doria na kupita dukani kununua sabuni, mlinzi wa kampuni anayenunua vocha na shotigani begani, mfanyabiashara mwenye bastola kiunoni akinywa soda. Watu wa Inyonga wanawajua hao.

Kilichobadilika ni duka lenyewe. Duka la zamani lilikuwa dirisha. Mnunuzi alisimama barazani, fedha ikapita kati ya nondo, na sukari ikatokea hapo hapo. Nondo ziliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini zilifanya na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeiandika: ziliibakiza bunduki nje. Siku hizi mteja anaingia. Anaingia duka la dawa, kwa wakala wa fedha za simu, saluni, baa, na duka la kujihudumia ambamo anatembea kati ya rafu na kikapu mkononi. Swali ambalo ujenzi ulikuwa umelijibu sasa limerudi, na sijaona sheria iliyolijibu wazi.

Mama yangu aliuza chumvi, sabuni, betri na mafuta ya taa katika mji huu huu, na kulikuwa na mwindaji mmoja wa makamo, mwenye kibali chake, aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi. Akija na gobore, mama hakuanza mazungumzo mpaka chombo kimelazwa chini barazani, mtutu ukielekea kichakani. "Shemeji, ilaze kwanza," alimwambia kwa upole, kila mara. Nilidhani anaogopa isije ikafyatuka. Nilipomuuliza nikiwa mtu mzima, alisema: "Hapana, baba. Nilikuwa naogopa daftari." Shemeji huyo alikuwa akikopa. Mama alitaka kwamba siku atakayoamua kumnyima mkopo, aweze kumnyima.

Hoja yangu yote inatoka hapo. Duka ni mahali pa kukataliana. Mnunuzi hukataa bei, muuzaji hukataa kupunguza. Wakala hukataa kutoa fedha bila kitambulisho, mfamasia hukataa kutoa dawa bila cheti cha daktari, mhudumu wa baa humkatalia aliyekwisha kulewa, na saa ya kufunga ikifika mwenye duka humwambia mtu arudi kesho. Mahali ambapo mmoja hawezi kusema hapana, kupatana bei kumekwisha hata kama fedha inabadilishana mikono. Na bunduki haihitaji kuelekezwa kwa mtu ili imwondolee hapana yake. Inatosha ionekane.

Turudi basi kwa yule mwenzangu mwanasheria. Anasema asiyebandika tangazo ameridhia. Ridhaa hiyo anaisoma wapi? Katika ukimya. Lakini ukimya wa mtu anayetazama bunduki umeletwa na bunduki hiyo hiyo. Mahakama zetu hazipokei ungamo lililotolewa kwa vitisho, kwa sababu kitisho hakiwezi kuzaa ushahidi dhidi ya mtishwaji. Kwa nini basi tuupokee ukimya wa muuza duka kuwa ni ruhusa? Hili ndilo kosa la msingi la nadharia ya tangazo, na mengine yote yanatokana nalo.

Wanaoitumainia dawa hii ya tangazo waende Texas, Marekani, ambako imetumika kwa ukamilifu kuliko popote ninapopajua. Tarehe 1 Januari 2016 wenye leseni waliruhusiwa kubeba bastola waziwazi, na siku hiyo kikaanza kazi kifungu 30.07 cha sheria yao ya makosa ya jinai, kikikaa pamoja na 30.06 kinachohusu silaha iliyofichwa. Sheria inamwandikia mwenye duka maneno yenyewe. Lazima yawe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja, rangi zitofautiane ili zisomeke, na tangazo lionekane katika kila mlango. Mwaka 2021, Texas iliporuhusu watu wengi kubeba bastola bila leseni kabisa, ikahitajika na notisi ya tatu, ya kifungu 30.05. Mwenye duka anayetaka kuwakataza wote anajaza ukuta wake maandishi ya kisheria, na anayekosea anakuta katazo lake limepungukiwa nguvu. Yule aliyekuja na silaha hakutakiwa kuandika hata mstari. Naomba mniambie: kati ya anayeuza mkate na anayeingia na bastola, nani ameleta jambo jipya mlangoni? Na kwa nini gharama ya jambo hilo aibebe yule ambaye hakulileta?

Tena tazameni hata wakubwa wanavyohangaika. Septemba 2013 Howard Schultz, aliyekuwa mkuu wa Starbucks, kampuni yenye maelfu ya migahawa, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasije na silaha. Aliomba, hakukataza, na akaeleza kwamba katazo lingeweza kuwalazimu wafanyakazi wake kukabiliana na wateja wenye bunduki. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu mmoja aliua watu 23 katika duka la Walmart mjini El Paso. Siku tano baadaye, katika Walmart ya Springfield, Missouri, kijana mmoja aliingia na bunduki ya kivita na fulana ya kuzuia risasi, akisukuma kitoroli. Meneja alifungua king'ora cha moto ili watu watoke. Fikirini hilo: msimamizi wa duka, ndani ya duka lake, hakuwa na njia ya kumwambia mteja "toka" isipokuwa kudai jengo linaungua. Mwezi uliofuata Walmart nayo ikawaomba wateja wake, ikaomba tu, wasibebe silaha waziwazi. Ikiwa kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani inaomba, mama mwenye duka la dawa hapa Inyonga atapata wapi ujasiri wa kukataza?

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana nimefika kwenye andiko ninalolipenda kuliko yote. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu kinachofanya kuwa kosa kutembea na silaha hadharani, bila sababu halali, kwa namna inayotia watu hofu. Kanuni hiyo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, na kwa sehemu kubwa ilifuata kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Lakini wazo lenyewe ni la kale zaidi. Linatoka katika sheria iliyopitishwa Northampton, Uingereza, mwaka 1328. Mfalme Edward III alikuwa kijana wa miaka 15. Baba yake alikuwa ameondolewa madarakani mwaka uliotangulia, na magenge yenye silaha yalizunguka nchi yakifanya yatakavyo. Bunge likaamuru kwamba mtu asitembee na silaha usiku wala mchana. Kisha likataja mahali. Likataja mbele ya mahakimu wa mfalme, likataja magulio, likataja masoko. Atakayekiuka anyang'anywe silaha zake na afungwe.

Naliona jambo hili kuwa kubwa. Watu wale waliishi na panga kiunoni. Hawakuwa wageni wa silaha, wala hawakudhani kwamba nchi itakuwa bila silaha. Hata hivyo walipotafuta mahali ambapo silaha haifai kabisa, waliweka soko pamoja na mahakama. Walifahamu kwamba pote pawili watu hufika kutafuta haki yao kwa maneno, mmoja mbele ya hakimu, mwingine mbele ya mizani. Mwaka 1686 Sir John Knight alishtakiwa kwa sheria hiyo kwa kutembea na silaha Bristol hata kuingia nazo kanisani, naye baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Tangu hapo wanasheria wamebishana kama kosa linahitaji nia ya kutisha. Mwaka 2022, katika shauri la Bruen lililohusu kubeba silaha hadharani, majaji wengi wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliona sheria ya Northampton haina uzito mkubwa katika kuisoma katiba yao. Wameipima kwa hofu. Kwa maoni yangu walipaswa kuipima pia kwa soko, na soko wamelipita mbio.

Tena Waingereza si wa kwanza. Karne saba kabla yao, katika hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ashari, ambayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume alielekeza kwamba anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Soko tena, likikaa sambamba na msikiti. Na mzigo amepewa nani? Mwenye mshale. Muuza tende hakuambiwa aandike chochote.

Mwenzangu atasema: lakini leseni! Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imempitisha mmiliki katika chujio zito. Ni kweli. Ombi lake limepita serikali ya kijiji na kata, Polisi wa wilaya, kamati ya usalama, mkoa na kuendelea juu. Katika meza zote hizo dola imesema kwamba yeye anafaa kumiliki. Hakuna meza iliyomuuliza mwenye duka kama anafaa kuingia kwake. Leseni ya kuendesha gari haimpi dereva ruhusa ya kuegesha sebuleni kwa watu.

Wala sare haibadilishi hili. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliingia katika ofisi za Clouds Media Group, kampuni binafsi, akifuatana na askari wenye silaha, na picha za kamera za ulinzi zikaonekana nchi nzima. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliunda kamati ya kuchunguza. Tarehe 23 mwezi huo huo akaondolewa katika uwaziri. Mjadala wetu wote ulikuwa wa siasa na uhuru wa habari. Mimi nilitazama picha zile nikamwona mwenye nyumba aliyekosa pa kusimama katika nyumba yake.

Upande wa pili una hoja moja nzito nami naiheshimu. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliposhambulia Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa, raia wenye bastola za leseni walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa wengine. Abdul Haji alionekana akifanya hivyo, na watu wako hai kwa ajili yake. Sitasema neno dhidi yao. Ila hawa walikimbilia mlango kwa sababu ndani kulikuwa na mauaji. Hawakuwa wakinunua viatu. Na siku hiyo hiyo kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi wa Kenya, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake mwenyewe, kwa kuwa penye bunduki nyingi ndani ya jengo hakuna anayejua nani ni nani. Baada ya hapo maduka makubwa ya Nairobi yaliimarisha ukaguzi milangoni. Wenye mali waliosikia milio hiyo walichagua kuibakiza silaha nje.

Kwa hiyo nasema kanuni igeuzwe. Silaha isiingie mahali pa biashara mpaka mwenyewe aseme karibu, na asiposema kitu, jibu ni hapana. Hawaii ilipitisha sheria ya namna hii mwaka 2023, ikapingwa mahakamani kwa hoja ya katiba yao, inayolinda haki ya kubeba silaha. Katiba yetu haina kifungu cha haki ya kubeba silaha, kwa hiyo sisi hatuna kizuizi hicho. Kanuni chini ya sheria ya 2015 ingetosha. Na wakati tunaisubiri, halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo.

Linabaki gumu moja, na ni la Inyonga hasa. Askari wanyamapori haruhusiwi kuiacha silaha ya Serikali barazani kama shemeji wa mama yangu. Ikiibwa, ni kesi. Nimelipima sana hili, na bado sioni kwamba kaunta inapaswa kulipa. Doria hutembea zaidi ya mtu mmoja. Mmoja abaki nje na silaha zote mbili, mwenzake aingie akanunue sabuni mikono mitupu. Akiwa peke yake, asimame mlangoni aagize kutoka hapo, na mwenye duka amletee, kama mama zetu walivyompitishia kila mtu kati ya nondo.