Trekta Likichemka, Tuangalie na Feni



Trekta letu lilichemka mara mbili shambani. Kila mara tuliongeza maji tu. Kumbe shida ilikuwa feni! Mkanda wake ulikuwa umelegea, rejeta ikakosa upepo.

Basi, trekta likichemka tufanye hivi. Tusimamishe kazi, tuzime injini. Tusifungue rejeta ikiwa ya moto. Maji yataruka yatuunguze uso. Tungoje ipoe. Tubonyeze mkanda kwa kidole gumba. Ukizama sana, tuukaze. Ukiwa umechanika, tuweke mwingine. Tutoe makapi yaliyoziba rejeta. Ndipo tuongeze maji.

Mkanda ni bei nafuu, injini ni bei kubwa. Injini ikifa tutarudia jembe la mkono, na mvua haitungoji.