MAWAKILI NA FANI ZAO: TUMJUE TUNAYEMPA KAZI

Mada iliyotolewa na wakili wa kujitegemea mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Mbagala, Dar es Salaam

  

Awali ya yote nawapeni hongera. Kununua hisa kila wiki kwa miaka kumi, kukopeshana na kurejeshewa, bila ya kufikishana polisi, si jambo dogo.

Katibu wenu aliponialika alisema kikundi kinataka kununua kiwanja, kwa hiyo nije niwaeleze habari za mawakili. Nikamuuliza, mawakili wa namna gani? Akanijibu, "Kwani wako wa namna ngapi?" Basi hilo ndilo swali la leo.

Neno lenyewe wakili ni pana. Hata kwenye ndoa ya Kiislamu kuna wakili, na hakuna anayemdai shahada. Mimi nazungumzia wakili wa mahakamani. Huyu kwanza husoma chuo kikuu apate shahada ya sheria. Hapo ni mwanasheria, bado si wakili. Baada ya hapo lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi tunaiita Law School. Sheria ya kuianzisha ilipitishwa mwaka 2007. Mitihani ya pale si mchezo. Mwaka 2022 ilikuwa gumzo nchi nzima pale ilipojulikana kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia masomo, na 265 walishindwa kabisa. Anayefaulu ndiye hukubaliwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa katika daftari la mawakili.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Daftari hilo ni moja. Hospitalini kuna daktari wa macho, wa mifupa na wa akina mama, na mlangoni pameandikwa. Kwetu sisi hakuna daftari la mawakili wa ardhi na jingine la mawakili wa mirathi. Kwa sheria, wakili aliyeapishwa juzi anaweza kupokea kesi ya mauaji asubuhi, talaka mchana na kodi jioni. Joho ni lile lile na kola nyeupe ni ile ile. Fani ya mtu huitambui kwa mavazi wala kwa bango la ofisini. Unaitambua kwa kazi anazofanya kila siku, na kwa mahali alipotoka.

Nikisema alipotoka sina maana ya kabila. Maana yangu ni kazi aliyoifanya kabla hujamkuta. Wako mawakili waliokuwa mahakimu. Hao wanajua hakimu anatazama nini katika ushahidi. Wako waliokuwa mawakili wa serikali wakiendesha mashtaka. Kijana wako akikamatwa, mtu wa namna hiyo anajua jalada linavyotembea. Wako waliofanya kazi idara za ardhi, wako waliokuwa wahasibu wakageukia sheria za kodi na makampuni, na wako walimu wa vyuo vikuu wanaokuja mahakamani kwa kesi kubwa kubwa tu. Mimi nilikuwa karani wa mikopo benki kwa miaka sita kabla sijasoma sheria. Ndiyo sababu mkataba wa rehani nausoma mpaka yale maandishi madogo ya chini, ila kesi ya mauaji usiniletee, nitakuelekeza kwa mwenzangu.

Na kwa kuwa nimetaja rehani, niseme hili kabla sijasahau. Ukienda benki na mumeo kuweka nyumba dhamana, utamkuta pale wakili, mpole, anakuonyesha pa kutia saini. Huyo ni wakili wa benki. Si wako. Sheria inataka mwenzi aridhie nyumba ya familia inapowekwa rehani, kwa hiyo saini yako ndiyo wanayoitafuta. Omba nakala, toka nayo, mpelekee mtu wako mwenyewe akusomee. Akina mama wangapi wameijua ile karatasi siku dalali alipogonga mlango?

Tuje kwenye fani zenyewe. Ya kwanza kwetu ni mambo ya familia: ndoa, talaka, matunzo ya watoto, mirathi. Watu hudhani ni kazi nyepesi ya mawakili wadogo. Jamani, si kweli. Chukueni kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Swali lilikuwa: mama aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea, je, naye amechuma? Mahakama ikajibu ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Uamuzi huo unatumika hadi leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mume kwa maendeleo ya familia alizitapanya. Wakili wa familia anajua nusu zote mbili za hukumu ile. Atakuuliza mapema: mama, risiti ziko wapi, fedha ulizopewa zilikwenda wapi? Yule asiyezoea atakupa moyo kwa nusu ya kwanza, halafu upande wa pili wakusomee nusu iliyobaki mbele ya hakimu.

Vivyo hivyo talaka. Kabla ya kwenda mahakamani, kwa kawaida shauri hupita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Ukiruka hatua hiyo bila sababu inayokubalika, shauri linaweza kutupwa, na fedha uliyolipa imekwenda. Mirathi nayo ina njia zake: marehemu aliishi kwa mila, kwa dini ya Kiislamu, au kwa mwenendo unaomtoa katika hayo mawili? Jibu ndilo linaloonyesha sheria ipi itumike na mlango upi mgonge. Kwa bahati sisi wa Temeke tuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, kilichoanza mwaka 2021, ambako mashauri ya ndoa na mirathi husikilizwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu mahali pamoja. Mawakili wanaoshinda pale kila siku wanajulikana. Nendeni mkakae kwenye benchi asubuhi moja, mtazame nani anajua kazi yake.

Fani ya pili ni ardhi, na humo ndani kuna matawi. Kupima na kuhamisha hati ni kazi ya makaratasi. Kugombea mpaka ni kazi ya ushahidi na mashahidi. Mara nyingine shauri la shamba linageuka kuwa shauri la Katiba. Mkoani Kagera, Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani, kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikamuunga mkono mpwa. Suala likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na haki za usawa zilizomo katika Katiba, hivyo mwanamke naye anauza kama mwanamume. Ukitazama shamba tu, hukuti jibu kama hilo. Ndiyo maana wako mawakili ambao fani yao ni Katiba na haki za binadamu. Njia hiyo hiyo ndiyo aliyopita Rebeca Gyumi mwaka 2016 kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilimkubalia, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019.

Kazi na ajira nitazipitia haraka. Wanenu wakiachishwa kazi, shauri huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na la kuachishwa linatakiwa lifunguliwe ndani ya siku 30. Siku, si miezi. Wakili asiyezoea mambo ya ajira anaweza kuanza na barua ndefu ya madai kwa mwajiri, siku zikapita. Kwenye jinai, mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za serikali, kwa hiyo msikimbilie kuuza nyumba kabla ya kuuliza. Na Mahakama ya Mwanzo, ambako zamani mawakili hawakuruhusiwa kabisa, baada ya marekebisho ya mwaka 2021 wanaweza kuingia pale ambapo aliyeketi ni hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Mwambieni wakili awasomee alichokiandika. Akikataa, ni haki yenu kuuliza kwa nini.

Haya, kiwanja chenu. Nimesikia maneno kwamba mkataba utakuwa salama kwa kuwa "utapigwa muhuri wa wakili". Mama zangu, muhuri ule unasema kwamba waliotia saini walikuwa mbele yake na amewatambua. Hausemi kwamba kiwanja ni cha muuzaji. Hausemi kwamba hakijawekwa rehani, wala kwamba mke wa muuzaji ameridhia. Kazi hiyo inaitwa upekuzi, inafanyika kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kina hati, nayo ni kazi tofauti na malipo yake tofauti. Kama hakijapimwa, wakili wa ardhi atakwenda mwenyewe kwa majirani na Serikali ya Mtaa kuuliza.

Kuna swali jingine, na hili linahitaji wakili anayejua mambo ya vikundi na vyama: hati itaandikwa jina la nani? Nimeona vikundi vinaandika jina la mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwapo siku ile. Mwenyekiti akifariki, Mungu amweke, kiwanja kinaorodheshwa kwenye mirathi yake, na watoto wake wala hawakosei, maana karatasi inasema ni cha mama yao. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama hiki vinatakiwa viwe vimesajiliwa. Basi mpelekeeni wakili cheti chenu pamoja na katiba ya kikundi, awaambie kama mnaweza kumiliki kwa jina lenu, au muunde bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Msilipe hata shilingi moja ya kiwanja kabla jibu hilo halijapatikana kwa maandishi.

Namna ya kumhoji wakili ni nyepesi, msiogope suti. Muulizeni kesi za aina hii amefanya ngapi mwaka huu, na alikuwa anafanya nini kabla. Muulizeni leseni ya mwaka huu, kwa sababu huhuishwa kila mwaka, na jina lake mlitazame kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Vishoka wapo wengi nje ya mahakama na mabaraza, wana mikoba mizuri kuliko yangu. Malipo yaandikwe, na risiti itolewe. Anayewaahidi ushindi mwacheni aende zake.

Asiye na uwezo asikae nyumbani akilia. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kilianzishwa mwaka 1989, na hapa jijini kuna pia Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Halafu kuna wasaidizi wa kisheria mitaani, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao si mawakili na hawatasimama mahakamani kukutetea, lakini wengi watakueleza barabara ni mlango upi uanze nao, tena bure.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu ananionyesha saa. Mkishapata namba ya kiwanja na kitalu, nileteeni pamoja na cheti cha usajili na katiba ya kikundi. Upekuzi nitaufanya mimi. Suala la wadhamini nitawapeleka kwa mwenzangu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Nipo hapa mpaka chai imalizike, mwenye swali la siri anifuate pale chini ya mwembe.