Kumfundisha Mtoto Maneno ya Kifaransa ya Shuleni



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kuwafundisha watoto Kifaransa, hasa maneno ya mambo ya shuleni. Labda mtu wa Mwadui atauliza, "Kifaransa kitatufaa nini sisi tukaao Usukumani?" Jibu si mbali. John Williamson, aliyevumbua almasi za Mwadui mwaka 1940, alizaliwa Quebec, jimbo la Kanada ambalo wengi wa wenyeji wake husema Kifaransa. Tena yatazameni malori yapitayo Isaka na Kahama kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Huko Burundi na Kongo, Kifaransa ni lugha kubwa ya mafundisho shuleni. Nasi tumo pamoja nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: Burundi na Rwanda waliingia mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Asiyejua lugha ya jirani yake humhitaji mkalimani, na mkalimani hulipwa.

Basi, tuanze na vitu ambavyo mtoto huviona na kuvishika darasani. Mwalimu ainue kitabu na kusema: un livre. Ainue daftari: un cahier, ambalo hutamkwa "kaye". Kisha rula: une règle, na chaki: une craie, yaani "kre". Maneno matano kwa siku yatosha, nayo yarudiwe kesho yake kabla ya kuongeza mapya.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Kila jina la Kifaransa lina neno dogo linalolitangulia, un au une, le au la. Wengi hulidharau, wakamfundisha mtoto livre peke yake. Mwisho wake mtoto ana maneno mengi kichwani, lakini hawezi kuyaunga yakawa usemi. Ni sawasawa na mgeni asemaye "kitabu yangu mzuri". Maneno anayo, ila hayapatani.

Lakini mtoto wetu ana akiba ambayo watoto wa mataifa mengi hawana. Yeye amezijua ngeli tangu mgongoni mwa mama yake. Hasemi "kalamu changu", wala hakuna aliyemwandikia kanuni hiyo ubaoni. Kitabu na kalamu ni maneno yaliyotoka Uarabuni, na shule ilitoka kwa Wadachi. Lakini yalipofika kwetu kila moja lilipewa ngeli yake. Basi mtoto aambiwe, "Kifaransa nacho kina ngeli, lakini ni mbili tu: ya un na ya une."

Tena kuna jambo la kupendeza. Kwetu wingi husikika mwanzoni: kitabu, vitabu. Katika Kifaransa, le livre ni kitabu, na les livres ni vitabu. Ile s ya mwisho wa livres huandikwa, lakini haitamkwi. Sikio hupambanua kwa le na les tu. Kwa hiyo atakayeliacha neno dogo ameuacha na wingi wenyewe.

Sasa majina ya masomo. Kusoma ni la lecture, kuandika ni l'écriture, hesabu ni le calcul, historia ni l'histoire, na jiografia ni la géographie. Angalieni kwamba l' huificha ngeli. Kwa hiyo mtoto ajifunze pia kusema une histoire, une écriture, une école. Mwanafunzi wa kiume ni un élève, na wa kike ni une élève.

Wajuao Kiingereza wajihadhari. Un crayon ni penseli. Une librairie ni duka la vitabu. Maktaba ni une bibliothèque. Un professeur aweza kuwa mwalimu wa shule ya sekondari, si wa chuo kikuu tu. Na une histoire yaweza kuwa hadithi ya jioni.

Nawe mzazi usiyejua Kifaransa, unayo kazi yako. Mtoto arudipo nyumbani, shika daftari lake umwulize, "Hiki wakiitaje?" Akijibu cahier tu, mwambie, "Na mwenziwe yuko wapi?" Usimcheke akisahau, mwache afikiri mpaka aseme un cahier. Hivyo utakuwa umemsaidia mwalimu, bila kujua neno jingine lolote la lugha hiyo.