Maji ya Paa Lako Yanakwenda Wapi?

Hotuba kwa wenye mashamba wa Meru na Embu



Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo riziki ya wakaao katika miteremko ya Mlima Kenya. Lakini mvua hiyo hiyo hugeuka mwizi iwapo mwenye nyumba hakuitengenezea njia.

Na tupige hesabu. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, likinyeshewa milimita 20, humwaga kama lita 1,000. Maji hayo yakiangukia ua mtupu, huteremka kwa kasi, hukata korongo katika shamba la jirani aliye chini, na kuchukua udongo wa juu wenye rutuba. Udongo huo haurudi. Kule Embu mto Rupingazi huupeleka Thiba, na Thiba huutua katika bwawa la Kamburu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1974. Kule Meru mto Kathita huuteremsha hadi Tana.

Basi yafaa kufanya mambo manne.

Kwanza, wekeni mfereji wa bati ukingoni mwa paa, na tangi la kupokea maji. Tangi lifunikwe, mbu wasizaliane ndani yake.

Pili, ua usiachwe mtupu. Pandeni nyasi fupi, mkiacha njia za kupita tu.

Tatu, chini ya ua chimbeni mtaro wa kukingama mteremko, na udongo mtupe upande wa juu. Ndiyo kazi iitwayo "fanya juu". Juu ya tuta pandeni majani ya nepia, yashike udongo na kulisha ng'ombe. Mtaro uwe sawasawa, kwani ukiinama upande mmoja maji yote yatakusanyika huko na kubomoa tuta.

Nne, mpakani pandeni mukima, mti uliotoka Australia, ambao hukatwa matawi kwa kuni nao ukaendelea kukua. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi wala mto, maana hunywa maji mengi.

Kazi haiishi siku ya kupanda. Kabla ya kila msimu zoeni udongo uliojaa mtaroni, safisheni mfereji wa paa, na zibeni tuta lililobomoka.

Ndugu zangu, jirani wa juu akiyazuia maji yake, wa chini atavuna, na ugomvi hautakuwapo.