Sayansi na Teknolojia: Kuchagua pawa saplai ya kompyuta ya michezo

Makala ya leo inahusu kifaa ambacho wengi wanaojiundia kompyuta ya michezo hukikumbuka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Kifaa hicho ni pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma chenye feni kinachopokea umeme wa ukutani, ambao ni wa mkondo geu, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Kadi ya picha iliyo dhaifu humpunguzia mchezaji raha tu. Pawa saplai mbovu inaweza kuiunguza kadi hiyo pamoja na ubao mama na diski yenye kazi zake zote. Kwa sababu hiyo, kifaa hiki huchaguliwa kwa hesabu, si kwa kukisia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kadi ya GeForce RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, hutumia wati 170. Ikiongezwa prosesa ya wati 90 hivi, na wati 60 za feni, diski na vinginevyo, jumla ni wati 320. Lakini kadi za picha huvuta umeme kwa kushtukiza, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kifaa hakifai kufanyishwa kazi daima kwenye ukomo wake. Ndiyo maana mtengenezaji wa kadi hiyo anapendekeza pawa saplai ya wati 550. Kwa RTX 4090 ya mwaka 2022, ambayo peke yake hutumia wati 450, pendekezo ni wati 850.

Hata hivyo, namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi isimdanganye mtu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi makini hukigeuza kifaa na kusoma kibandiko chake, hasa safu ya volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya picha hutegemea umeme huo. Ampea zilizoandikwa hapo huzidishwa kwa 12. Boksi likitangaza wati 600, ilhali safu hiyo inaonyesha ampea 25, basi vifaa hivyo viwili vitapata wati 300 tu.

Ipo pia nembo ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004. Pawa saplai ya daraja la Gold, ikipimwa kwa volti 115 na kubeba nusu ya uwezo wake, haina budi kuifikishia kompyuta angalau asilimia 90 ya umeme inaouvuta ukutani. Unaobaki hugeuka joto. Nembo hiyo hupima upotevu wa umeme. Haithibitishi kwamba kifaa kitadumu.

Kwa wasikilizaji walio ughaibuni wanaowatumia jamaa zao kompyuta, kuna tahadhari nyingine. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Tanzania ni volti 230, na Kenya na Oman ni volti 240. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani au za bei ya chini, zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, kisha kompyuta ikachomekwa Dar es Salaam, mshindo na harufu ya kuungua ndiyo salamu itakayowapokea wenyeji. Zilizo bora hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe, na jambo hilo huandikwa kwenye kibandiko.

Hatimaye, anayebadilisha pawa saplai yenye nyaya za kuchomoa asibakize nyaya za ile ya zamani. Plagi zinaweza kuingia bila shida, lakini mpangilio wa nyaya ndani yake hutofautiana, na diski nyingi zimeungua kwa kosa hilo.

Basi mwenye kuunda kompyuta na achague kwanza kadi na prosesa, ajumlishe wati, asome kibandiko, ndipo afungue pochi. Akipungukiwa fedha, heri apunguze ukubwa wa kadi kuliko ubora wa kifaa kinachoilisha.