Honi si breki

Kijana wa Ivuna hujifunza baiskeli kwenye uwanda wa Ziwa Rukwa. Huko, akibeba kiroba cha chumvi au mpunga, kinachomsumbua ni mchanga. Akipanda kuja Tunduma kutafuta riziki, baiskeli ileile humkutanisha na barabara kuu ya kwenda Zambia.

Hapo ndipo honi huanza. Dereva wa lori anaipiga toka mbali, akaona ametimiza wajibu. Nipishe! Haya, apishe aende wapi? Pembezoni kumejaa malori yanayosubiri kuvuka, na utingo wamelala chini ya matela. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini foleni bado tunaziona. Mwenye baiskeli akilikwepa lori lililosimama, tayari yumo kwenye njia ya magari. Na kiroba kwenye keria hakimruhusu kuruka ghafla. Kikiyumba, naye huyumba nacho, pengine kuelekea kwenye magurudumu.

Wapanda baiskeli nao wana makosa yao. Kutembea usiku bila taa wala kiakisi ni kujitafutia balaa. Lakini mchana kweupe dereva anamwona, na sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi.

Wakubwa wa mji wayapeleke malori hayo kwenye maegesho, ukingo ubaki kwa baiskeli. Nawe dereva, kabla ya malori hayo kuondolewa, ukimwona kijana huyo anazunguka tela, mguu wako uwahi breki.